Sarafu Haikumbuki

Kila mwaka nikifika mada ya uwezekano na Kidato cha Tatu, naingia darasani na sarafu ya shilingi 20, ile iliyotoka mwisho wa 2018 yenye ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili.

Mwaka jana niliirusha, ikaonyesha ndovu. Nikarusha tena, ndovu. Ya tatu na ya nne, ndovu vilevile. Nikauliza, ya tano je? Darasa karibu lote likapaza sauti: "Nembo, mwalimu! Sasa ni zamu ya nembo."

Sarafu haina zamu. Haijui ilivyoanguka dakika iliyopita. Kabla ya kuanza, uwezekano wa kupata ndovu mara tano mfululizo ni 1 kati ya 32, kwa sababu nusu tano huzidishwa pamoja. Lakini nne zikishapita, zimepita. Iliyobaki ni nusu kwa nusu. Sokoni hapa Mitunguu nimesikia mama mwenye mabinti wanne akihakikishiwa kwamba wa tano atakuwa mvulana. Huniuma, maana anabebeshwa tumaini lisilo na hesabu nyuma yake. Kila mimba ni karibu nusu kwa nusu, hata ya tano.

Halafu natoa mfuko wa ndizi, kitu ambacho hapa kwetu hakikosekani. Nimetia kumi: saba mbivu, tatu mbichi. Mwanafunzi anafumba macho na kuchomoa moja. Uwezekano wa kupata mbichi ni 3 kati ya 10. Akiipata na asiirudishe, ya pili kuwa mbichi ni 2 kati ya 9. Zidisha: zote mbili kuwa mbichi ni 1 kati ya 15. Mfuko, tofauti na sarafu, unakumbuka, kwani kilichotoka kimebadilisha kilichobaki. Mwanafunzi akishika tofauti hiyo, nusu ya mada ameimaliza.

Baada ya kipindi kijana mmoja alibaki. Kaka yake huweka mkeka wa kubashiri mechi kumi kila wikendi, zote "za uhakika".

"Na huwa ni mechi moja tu inayouchana, mwalimu. Moja tu!"

Somo hili lenyewe lilikua kutokana na swali la wacheza kamari, ambalo wanahisabati Pascal na Fermat waliandikiana barua kulihusu mwaka 1654, kwa hiyo malalamiko yake yalikuwa mahali pake. Nikamwambia tumpe kaka uhakika mkubwa kuliko alio nao: kila mechi 9 kati ya 10, na tuseme haziathiriani. Akakokotoa 0.9 kwa kipeo cha kumi kwenye kikokotoo. Ikatoka 0.349. Mkeka huo huchanika karibu mara mbili katika kila tatu. Na ukikosea mara moja katika kila kumi, basi katika mechi kumi kukosea moja ndiko kwa kutarajiwa. Ile "moja tu" si bahati mbaya. Kwa mechi za nusu kwa nusu, mkeka hupita mara 1 kati ya 1,024.

Aliandika hesabu hiyo kwenye karatasi, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Mzazi, mwanao wa sekondari akiwa likizo, mpe sarafu na daftari. Arushe mara 100, aandike kila tokeo, kisha mkae mhesabu pamoja.