Lehemu ya Mzee na Hukumu ya Haraka

Huku kwetu Makupa, mzee akirudi hospitalini na cheti kisemacho lehemu yake imepanda, wanawe humwondolea tui, mahamri na mishkaki siku hiyo hiyo, naye mwenyewe hata hakuulizwa. Sina ugomvi na matabibu. Kwa mtu wa makamo, lehemu nyingi huziba mishipa ya moyo. Lakini umri ukishapita miaka 80 hesabu hubadilika. Mwaka 1997 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walichapisha habari za watu 724 wenye umri wa miaka 85 na zaidi. Waliokuwa na lehemu nyingi ndio walioishi zaidi, kwani wachache wao walikufa kwa saratani na maambukizi.

Je, lehemu ndiyo iliyowalinda? Hapa mwanafunzi asikimbilie jibu. Maradhi yaliyojificha na kukosa hamu ya chakula huishusha lehemu kabla ya mauti. Huenda upungufu huo ni dalili, wala si chanzo. Basi mzee anayekonda, ambaye lehemu yake imeshuka bila dawa, ndiye wa kurudishwa kwa daktari upesi. Naye aliyekwisha kupatwa na kiharusi asiache vidonge vyake kwa sababu ya makala haya.