Kabla ya Kutia Sahihi na Mkandarasi

Sehemu ya tatu na ya mwisho

Katika sehemu ya kwanza tulitazama ardhi: tofauti ya mtu mwenye nyumba na kiwanja chake, na yule mwenye kuta tu anayelipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe au kwa wakfu, jambo la kawaida sana hapa kisiwani Mombasa. Sehemu ya pili ilihusu ramani na msanifu wake. Sasa tuseme hayo yamekwisha. Umepata bei za wakandarasi watatu, umemchagua mmoja, naye amekuja na mkataba mkononi. Anataka sahihi na arubuni. Mafundi wake, anasema, wako tayari kuanza Jumatatu.

Hadi dakika hiyo wewe ndiwe unayebembelezwa. Ukishatia sahihi na pesa zikatoka, wewe ndiwe utakayebembeleza. Na nyumba nyingi zinazokwama hapa kwetu hazikwamishwi na wizi wa fundi, ingawa wizi upo. Hukwamishwa na ukimya wa karatasi. Jambo lisiloandikwa, atalilipia mwenye nyumba.

Tuanze na bei. Ukiletewa karatasi yenye jumla pekee, "nyumba kamili shilingi milioni 8", irudishe. Dai orodha ya kazi na vifaa, ile ambayo kila fundi nchini huiita BQ, inayoonyesha kipimo, kiasi na bei ya kila kitu, kuanzia uchimbaji wa msingi hadi kitasa cha mlango. Kisha uliza swali ambalo wengi huliona dogo: je, bei hii ina VAT ndani yake? VAT ni asilimia 16, na asilimia 16 ya milioni 8 ni shilingi 1,280,000. Hizo zinatosha kuezeka nyumba. Kama mkataba hausemi kitu, utaletewa bili yake wakati kuta zimeshafika kwenye linta.

Ukimaliza hapo, tafuta zile bei za kukisia. Mkandarasi huandika, kwa mfano, vigae vya sakafu shilingi 1,000 kwa mita ya mraba. Siku ya kwenda dukani mkeo anachagua vya 2,200, na sakafu ina mita za mraba 120. Tofauti ni shilingi 144,000, na ni yako. Mabomba, masinki, taa na milango huandikwa vivyo hivyo. Nenda dukani kabla ya sahihi, chagua unachokitaka, na bei yake halisi iingie kwenye orodha.

Kuna ujanja mwingine mwembamba zaidi. Wakandarasi wawili wameleta jumla ileile ya milioni 8. Mmoja ameandika msingi milioni 1.5, mwingine milioni 2.4, halafu huyu wa pili akapunguza bei ya lipu na rangi ili hesabu ilingane. Kwa macho ya haraka hawa ni sawa. Lakini huyu wa pili akishalipwa msingi wake ameshavuna faida, na kazi iliyobaki itamtia hasara. Atakuwa na sababu gani ya kurudi? Mkadiriaji wa ujenzi huliona jambo hili kwa dakika chache, na ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumtafuta mtu aliyezima simu.

Malipo yafuate kazi, yasitangulie. Arubuni iwe ndogo, na kila awamu ilipwe baada ya msanifu au mhandisi kuikagua na kuandika kwamba imekamilika: msingi, kuta hadi linta, slabu au paa, nyaya na mabomba, lipu, umaliziaji. Katika kila awamu zuia sehemu ya malipo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10. Nusu ya zuio hilo humrudia mkandarasi siku ya kukabidhi funguo, na nusu ya pili baada ya muda wa kurekebisha kasoro, ambao kwa desturi ni miezi 6. Mimi ningeomba mwaka mzima, ili nyumba ipitie masika na jua la kaskazi kabla ya shilingi ya mwisho kutoka. Mkandarasi ataguna. Mwache agune.

Neno kwa ndugu zetu walioko Dubai, Jeddah na London, wanaojenga kwa simu. Kila "niongezee dirisha hapo" unayoituma kwa sauti ya WhatsApp ni kazi ya ziada yenye bei. Mkataba useme kwamba hakuna nyongeza itakayofanywa kabla ya bei yake kuandikwa na pande zote mbili kukubali, na kwamba shemeji anayepita kuangalia kazi hana mamlaka ya kubadilisha kitu. Mashemeji wana mawazo mengi.

Sasa tuje kwenye chumvi. Mikataba mingi inayotumika Mombasa ni nakala za mikataba ya Nairobi, na Nairobi haina bahari. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake kuu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hakuna chuma ndani yake cha kuliwa na chumvi. Nyumba yako itasimama kwa zege lenye vyuma. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma huvunja utando unaokilinda, kutu huanza, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege hupasuka na kubanduka vipande vipande. Tembea mtaa wowote ulio karibu na maji, inua macho utazame chini ya roshani za majumba ya miaka ya sabini na themanini; utaona vyuma vyekundu vikichungulia.

Kwa hiyo yaandikwe mambo manne, tena kwa maneno yasiyo na mwanya. Mchanga uwe wa mto, usiwe wa ufukweni hata tripu moja. Maji ya kuchanganyia zege na ya kumwagilia yawe maji baridi. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi na maji ya mfereji hayatabiriki, hivyo isemwe pia ni nani atakayelipia boza. Unene wa zege la kufunika vyuma uandikwe kwa milimita. Karibu na bahari wahandisi wengi hutaka 40 au zaidi. Unene huo hupatikana kwa vitofali vidogo vya saruji vinavyowekwa chini ya vyuma kabla ya kumwaga, ambavyo mafundi huviita biskuti. Fundi mvivu huinua chuma kwa kokoto, na kokoto huteleza. La nne ni kipimo cha nguvu: siku ya kumwaga slabu zijazwe bweta za milimita 150, vipande vyake vipelekwe maabara vikavunjwe baada ya siku 7 na siku 28, na mkataba utaje anayelipa na kinachofuata vikishindwa. Bila kipengele hicho cha mwisho, kipimo ni mapambo tu.

Anayejenga au kukarabati Mji wa Kale, kuanzia kivuli cha Ngome hadi Bandari ya Kale, ana mzigo wa ziada. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Ngome iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Maana yake ni kwamba idhini ya kaunti peke yake haitoshi. Ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Taifa ina kauli kuhusu urefu wa jengo, roshani, milango na hata lipu. Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka: kupaka lipu ya saruji juu ya ukuta mkongwe wa chokaa. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hunaswa ndani, na baada ya misimu michache lipu huvimba na kudondoka pamoja na uso wa mawe. Kama BQ ya ukarabati imeandika "lipu" bila kutaja chokaa, fundi atapaka saruji kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo anayoijua.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vinavyogunduliwa viripotiwe. Ukichimba msingi Mji wa Kale, kukuta vigae vya kale, kisima kilichofukiwa au makaburi si jambo la ajabu. Kazi ikisimama wiki sita wataalamu wakitazama, mishahara ya mafundi ni juu ya nani? Mkataba usipojibu, jibu unalo tayari.

Kuna mambo madogo pia. Lori haliingii kwenye vichochoro vile. Kila mfuko wa saruji utamaliza safari yake kwa mkokoteni au kwa mabega ya hamali, na gharama hiyo iwe ndani ya bei. Kuta nyingi ni za pamoja na jirani. Kabla ya sururu ya kwanza, pigeni picha nyufa zote za upande wake, mzikague pamoja, kila mmoja atie sahihi. Jirani wa Mji wa Kale ni wa maisha, na aghalabu ni jamaa.

Na mkandarasi mwenyewe? Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, yenye madaraja manane ya wakandarasi. La nane, la chini kabisa, huruhusu majengo yasiyozidi shilingi milioni 20, kwa hiyo kwa nyumba ya kawaida linatosha. Tatizo ni vyeti vya kuazima: unayepatana naye ni mmoja, cheti ni cha kampuni ya rafiki yake. Jina la kwenye cheti, la kwenye mkataba na la akaunti ya benki yawe jina moja. Cheti kiwe cha mwaka huu, maana huhuishwa kila mwaka, na mradi wenyewe usajiliwe pia. Asiyeona umuhimu wa idhini na usajili aikumbuke Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016, pale jengo la ghorofa lililojengwa kando ya mto bila idhini lilipoanguka na kuua watu wapatao 50.

Bima ya wafanyakazi ni takwa la sheria ya mwaka 2007. Iombe, isome tarehe yake, endelea mbele.

Mwisho, ugomvi. Watu wengi hapa wakidhulumiwa hukimbilia kwa Kadhi. Katiba imeipa mahakama yake ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu. Mkataba wa ujenzi haumo. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Kwa kiasi kikubwa zaidi, kubalianeni mapema juu ya msuluhishi na muandike jinsi atakavyopatikana. Mzee wa mtaa afaa sana kwa maneno makali, lakini hawezi kumlazimisha mtu kurudisha pesa.

Mikataba hii karibu yote huja kwa Kiingereza cha kisheria. Nimewaona wafanyabiashara wazito, wanaohesabu mpaka senti ya mwisho dukani kwao, wakitia sahihi kurasa arubaini ambazo hawakuzielewa kwa kuona haya kuuliza. Usione haya. Tafuta wakili au mkadiriaji akusomee kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili, na pale asipoweza kukueleza, pabadilishwe.

Chukua mkataba ukalale nao nyumbani siku chache kabla ya sahihi. Mkandarasi akikwambia bei itapanda kesho, au akakataa kukuachia nakala, mrudishie karatasi zake na umpigie simu yule aliyekuwa wa pili.