Makosa ya Kiingereza darasani yana asili tofauti, tusiyatie kapu moja

Thika, mji wa viwanda ulio kando ya mto Chania, umevuta watu kutoka kila pembe ya Kenya. Mwanafunzi wa huku anaweza kuzungumza Kikuyu au Kikamba nyumbani, Sheng na wenzake mtaani, kisha Kiingereza darasani. Ulimi ukiteleza, darasa huangua kicheko, eti ‘ameshrabu’! Baadhi yao hawainui mkono tena, hata wanapolijua jibu.

Mpenzi msomaji, makosa haya hayafanani. Tunaweza kuyagawa katika makundi matatu.

Kwanza ni athari za kimatamshi. Kikuyu hakina fonimu /l/, kwa hivyo ‘rice’ na ‘lice’ huweza kutamkwa kwa namna moja. Sauti /d/ nayo hutanguliwa na nazali, ‘dog’ ikawa ‘ndog’. Dawa yake ni mazoezi ya kutofautisha jozi za maneno kama hizo.

Pili ni kuhamisha muundo na maana. Mwalimu akiuliza, ‘Haven’t you finished?’, mwanafunzi hujibu ‘Yes’, kwa mantiki ya Kiswahili: “Ndiyo, sijamaliza.” Mwalimu naye huelewa kwamba kazi imekamilika. Daftari likikosekana, mtoto wa watu anaitwa mwongo! Kadhalika, ‘he’ na ‘she’ huwatatiza wengi kwa kuwa ‘yeye’ haibagui jinsia. Hapa mwalimu hana budi kulinganisha sarufi za lugha hizo waziwazi.

Tatu ni kubadili msimbo, mathalani ‘Nime-submit assignment’. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyetafiti mazungumzo ya wakazi wa Nairobi, alieleza katika vitabu vyake vya 1993 kwamba mchanganyiko huu una kanuni: lugha moja hutoa fremu ya kisarufi, nyingine hupachikwa ndani yake. Kinachohitajika ni kumfunza mwanafunzi kutambua muktadha unaodai lugha moja, kama vile mahojiano ya kazi.

Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong’o alisimulia jinsi wanafunzi walionaswa wakisema Kikuyu shuleni walivyochapwa au kuvishwa bamba la chuma shingoni. Adhabu ya aina hiyo, sawa na kicheko cha leo, haimwonyeshi mwanafunzi alipokosea wala namna ya kujirekebisha. Kabla ya kumsahihisha, basi, mwalimu na ajiulize: kosa hili limetokana na sauti, muundo au muktadha?