Cheti ukutani, kontena bado bandarini

Kwa mawakala wa forodha jijini Dar es Salaam, cheti cha ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usimamizi wa ubora, kinazidi kuwa tiketi ya kuingilia kwenye zabuni kubwa. Kampuni zinazoagiza shehena nyingi, hasa zenye makao makuu nje ya nchi, hukiulizia mapema, wakati mwingine kabla ya bei. Asiye nacho hubaki na wateja wa gari moja moja kutoka Japani na wanaochangia kontena.

Wakala mmoja wa siku nyingi, mwenye ofisi ndogo karibu na bandari, ana dukuduku ambalo wenzake hawapendi kulisema wazi. Anasimulia kwamba alimlipa mshauri amwandalie mfumo, akaletewa jalada nene lenye sura nzima ya ukaguzi wa malighafi na matengenezo ya mitambo. Ofisi yake ina kompyuta na printa tu. Nyaraka zilikuwa za kiwanda, zikabadilishwa jina. Makarani walipewa fomu za kila mzigo, wakashindwa kuzijaza kwa wakati, na ukaguzi ulipokaribia wakakesha wakijaza za miezi iliyopita kwa kalamu za rangi tofauti ili zionekane za siku tofauti. Cheti alikipata. Anachosikitikia ni kwamba fedha nyingi zilikwenda huko na mizigo ya wateja haikutoka mapema hata kwa siku moja.

Malalamiko yake yana uzito, kwa sababu kiwango chenyewe hakidai jalada la namna hiyo. Toleo la 2015 liliondoa sharti la kuwa na mwongozo wa ubora lililokuwamo katika toleo la 2008. Linachotaka ni kampuni ijue hatari za kazi yake, iwadhibiti watu wa nje inaowapa sehemu ya kazi hiyo, ifuatilie kama wateja wameridhika, na kosa likitokea itafute chanzo chake. Kwa wakala, mambo hayo ni ya kila siku. Uzito kwenye kadhia, yaani tamko la mzigo linalotumwa forodha, usipolingana na ule wa hati ya shehena, mzigo husimamishwa, siku za bure hukatika, na tozo za bandari pamoja na za kampuni ya meli huanza kuhesabika. Mwagizaji ndiye anayelipa. Mtu wa pili kusoma tarakimu kabla kadhia haijatumwa, na daftari la makosa linaloonyesha kama yametoka kwa karani au kwa mteja aliyeleta ankara pungufu, vingefanya kazi kubwa kuliko jalada lile.

Ofisa mmoja anayeshughulikia masuala ya viwango anasema kampuni za huduma zenye cheti zinaongezeka, na kwamba hiyo ni dalili ya huduma kuimarika. Hakuonyesha muda wa kutoa mizigo ulikuwaje kabla na baada ya cheti, na bila hilo ni vigumu kulipokea dai lake. Duniani vyeti hivi vinazidi milioni moja. Lakini kinachothibitishwa ni kuwapo kwa mfumo unaofuatwa. Kasi ya huduma haithibitishwi.

Mteja naye asiishie kutazama nembo. ISO, shirika la Geneva lililotunga kiwango, halimpi yeyote cheti. Hutolewa na mashirika ya ukaguzi, ambayo nayo yanapaswa kuwa na ithibati na hayaruhusiwi kumuuzia ushauri wa mfumo yule yule yanayemkagua. Kilichoandikwa kwenye cheti kisomwe pia: kama kinataja ofisi ya Dar es Salaam pekee, tawi la Tunduma halimo.

Gharama haziishi mara moja. Cheti hudumu miaka mitatu, na ukaguzi hurudi kila mwaka. Toleo jipya nalo limekuwa likiandaliwa, na wengi wanatarajia kuingia mfukoni tena. Pengine kampuni za kati zitamudu. Wadogo huenda wakaendelea kufanya kazi chini ya mwavuli wa wenye cheti kwa kugawana ada, na hapo mwagizaji aliyemchagua wakala kwa sababu ya cheti atahudumiwa na ofisi isiyowahi kukaguliwa, isipokuwa kama mwenye cheti atawasimamia kama kiwango kinavyomtaka.