Alidhani Nina Bwana, Kumbe Ni Madenge

Jumamosi moja usiku simu yangu iliita mlio wa meseji nikiwa bafuni. Nilipotoka nilimkuta mzee wa nyumba amekaa ukingoni mwa kitanda, simu yangu mkononi, macho yamemtoka. Meseji ilitoka kwa mwanaume wa Mwanza ambaye mume wangu hamjui, na ilisema hivi: "Dada, ile kitu yetu tayari. Nimekuwekea wewe tu, wengine nimewaambia hakuna. Usichelewe."

Juu yake kulikuwa na ujumbe wa M-Pesa. Shilingi 120,000 zilikuwa zimekwenda kwa bwana huyo huyo.

Hebu msomaji wangu jiweke mahali pake. Wewe ungefikiria nini?

Nilichokuwa nanunua ni magazeti ya Sani. Ya zamani, ya miaka ya 1980, nakala kumi na moja. Nilimwambia hivyo hivyo, naye akacheka kile kicheko cha mtu ambaye hajafurahi. "Laki na ishirini? Kwa katuni?" Kusema ukweli, dakika ile niliona ingekuwa rahisi zaidi kumweleza habari za bwana.

Ugonjwa ulinianzia Benako

Nimekulia Kasulo, wilayani Ngara, pale Benako panapojulikana na kila dereva wa masafa marefu. Dunia ililisikia jina hilo mwaka 1994, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja na kuweka kambi kwetu. Mwishoni mwa 1996 wakarudi kwao, lakini malori ya kwenda Kigali hayakukoma. Na kwa sababu ya majambazi wa mapori ya Biharamulo, miaka ile magari yalipita kwa misafara, yakisindikizwa na polisi. Kwa hiyo madereva walikuwa watu wa kusubiri. Dereva anayesubiri anakula, akimaliza kula anasoma, akimaliza kusoma anaacha gazeti mezani.

Meza zenyewe zilikuwa za mama yangu. Mama ntilie wa barabarani, wali maharage, ndizi, chai na maandazi. Kwake karatasi ilikuwa karatasi tu. Asubuhi ni gazeti, jioni ni kifungashio. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na kazi yangu ilikuwa kufuta meza, kwa hiyo nilikuwa na kama saa moja ya kusoma kabla mama hajaanza kuchana. Siku moja nilikuwa katikati ya kisa cha Madenge, yule mtoto mtundu, nimefika ukurasa wa tatu. Ukurasa wa nne ukaondoka na maandazi manne kuelekea Rusumo. Sijawahi kujua kilichompata.

Nadhani huo ndio mwanzo wa yote. Watu wazima wengine wanatafuta mchumba wa shule ya msingi, mimi natafuta ukurasa wa nne.

Kwa mliozaliwa juzi: Sani lilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lenyewe ni Sa ya Saidi na Ni ya Nico. Humo ndimo walimoishi Ndumilakuwili, Kipepe, Pimbi, Lodilofa (lodi na lofa kwa mpigo, watu wa aina hiyo bado tunao maofisini) na huyo Madenge wangu. Mmoja wa wachoraji wake wa mwanzo alikuwa Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wahusika hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao.

Na hapa ndipo penye utamu ambao asiyekusanya hawezi kuujua. Ukiwa na nakala moja, unasoma kisa. Ukizitandaza kumi sakafuni, unaanza kuona mikono. Pua ya Ndumilakuwili hapa imechorwa kwa mstari mmoja, kule kwa mitatu, na unajua kabisa kwamba aliyeshika kalamu si yule yule. Unaona foleni, mabasi, suruali za mabwanyenye na nywele za akina dada zikibadilika mwaka hadi mwaka. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, anakuonyesha Tanzania ya wazazi wetu. Kingo wa James Gayo anakuonyesha ile ya ujana wa dada zetu. Hakuna kitabu cha historia kilichowahi kunichekesha hivyo.

Usidanganyike na dola

Rafiki yangu wa kazini aliposikia, akanipigia hesabu palepale. Mwaka 2024 huko Marekani nakala ya Action Comics namba 1, ile ya 1938 iliyomtoa Superman kwa mara ya kwanza, iliuzwa kwa mnada dola milioni 6. Ilipotoka iliuzwa senti 10. "Shoga, umekalia utajiri!"

Sijakalia kitu. Kule kuna kampuni zinazopima ubora wa nakala na kuipa alama, kuna minada, kuna orodha za bei na kuna matajiri wanaogombea kitu kimoja. Mimi nina bwana wa Mwanza. Bei yetu haipo kwenye orodha yoyote, ipo usoni kwako. Muuzaji wa vitabu vya zamani mtaani Samora akiona macho yamekuwaka, elfu mbili inageuka elfu kumi na tano kabla hujafungua mdomo. Nimejifunza kuuliza kwanza bei ya kamusi. Ukitaka akiba, nunua kiwanja.

Zile kumi na moja? Zilipofika kwa basi, tatu zilikuwa fotokopi, zimebanwa vizuri na kufutikwa katikati ya bahasha nisizione. Nilipiga simu. Haikupatikana, na mpaka leo haipatikani. Sasa kabla ya kutuma hela naomba picha ya kila jalada pamoja na pini zake. Pini za Sani ya kweli zimeshika kutu mpaka karatasi imepata doa la kahawia. Fotokopi haina kutu.

Adui wengine hawana simu. Mchwa, panya, unyevu wa Dar, na mkwe mwenye nia njema anayeziba mpasuko kwa selotepu. Selotepu inageuka njano na kula wino. Mimi nalaza nakala ndani ya bahasha za kaki, juu ya kabati, kamwe si chini ya kitanda. Na siazimishi. Hilo nilijiapiza, maana kumuazima Mbongo gazeti ni kuliaga.

Turudi chumbani

Tulinuniana wiki mbili. Nilijitetea kwamba hela ni zangu, nimezifanyia kazi. Akanijibu kitu ambacho bado kinanichoma: "Sina shida na hela. Mke wangu ana kitu anachokipenda hivi, halafu mimi nakijua kwa kusoma meseji."

Alikuwa na haki. Kila nakala niliyoingiza ndani nilisema nimepewa bure na watu wa ofisini, na sanduku lilikuwa limefunikwa kanga, kama la magendo. Nilijiambia namkwepesha usumbufu. Ukweli ni kwamba niliona haya, mama mzima mwenye digrii, kuonekana na Madenge.

Tukakubaliana. Elfu ishirini kwa mwezi, tena wazi. Akaongeza sharti moja: ziletwe sebuleni, zisomwe, zisikae kama maiti. Nilitetemeka kumwona anafungua ya kwanza kwa vidole vilivyotoka kula karanga. Ila saa nne usiku nikamsikia anacheka peke yake, kicheko kile kingine sasa, na akaniita nije nimsomee maneno madogo ambayo macho yake hayayaoni.

Desemba iliyopita tulizipeleka nakala tano Kasulo nimwonyeshe mama. Aliigeuzageuza ya juu, akasema, "Si ndizo hizi nilizokuwa nafungia maandazi? Na wewe unazinunua?" Akacheka mpaka akakaa chini. Mume wangu akamsomea moja pale pale mgahawani, akiigiza sauti zote, na madereva wawili wakavuta viti karibu.

Mmoja wao, kijana mdogo, alikuwa hajawahi kumsikia Lodilofa. Alipotaka kuondoka akaniuliza kama anaweza kwenda nayo, atairudisha kwa mama akitoka Kigali. Mume wangu akanitazama. Mama naye akanitazama.

Nilimpa. Hii ni wiki ya sita, na kila Jumapili nikimpigia mama, swali langu la kwanza analijua.