Mshaufu ni Nani?



Mama mmoja wa upande wa Usagara, Tanga, ametuletea swali, naye ameomba jina lake lisitajwe. Binti yake alikuwa ameposwa, na posa ikakaa miaka miwili. Kila alipoulizwa habari za mahari kijana alijibu, "Baada ya mavuno," na mavuno yakaja yakapita. Mwishowe shangazi wa kijana akafika akasema, "Mtoto wetu hamtaki tena, kwa maana binti yenu ni mshaufu, sokoni hucheka na kila mtu, na kanga zake huzifunga kwa madaha." Binti yu nyumbani analia, hata kanisani haendi kwa haya. Mama atuuliza: Neno hili, ambalo hakulisikia tangu bibi yake alipofariki, maana yake nini? Je, mtoto wangu ameitwa kahaba?

La, mama, hakuitwa kahaba. Lakini twaona vema tulieleze neno hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa watu wengi hulitupa wasijue walitupalo.

Mshaufu latokana na kushaua. Kumshaua mtu ni kumtia tamaa ya jambo, kisha usimpe. Ukimwonyesha mtoto tende, naye akanyosha mkono, nawe ukaila mwenyewe mbele ya macho yake, umemshaua. Mwenye duka akimwambia maskini, "Njoo kesho nitakukopesha," huku moyoni ajua kwamba hatamkopesha, amemshaua. Tena kuna kujishaua, yaani kuringa na kujionyesha ili watu watazame. Na anayejua Kiarabu atakumbuka hapa neno shauf, ambalo kwao ni kutazama.

Basi mshaufu wa wazee wetu alikuwa mwanamke wa macho na maneno. Hutazama kwa pembe ya jicho, huitikia kwa sauti laini, na mwanamume huenda zake akidhani amekubaliwa, kumbe hakukubaliwa neno lo lote. Kahaba ni mwingine. Neno lake nalo ni la Kiarabu, na wataalamu wa lugha hiyo wa zamani walilieleza kwa habari ya kukohoa: walisema mwanamke wa kazi hiyo alikohoa ili mpita njia ajue kwamba yupo. Ajabu ya maneno! Kikohozi kimoja cha njiani kimekuwa jina zito hata mtu hawezi kulivua. Tena angalieni: kahaba hulaumiwa kwa kuwa hutoa, na mshaufu hulaumiwa kwa kuwa hatoi. Mwanamke akiwa katikati ya maneno haya mawili, sijui apite wapi.

Na lugha yetu yenyewe haina hatia katika jambo hili. Kiswahili hakitengi mume na mke katika majina ya watu. Twasema mgonjwa, mwizi, mkulima, nasi hatujui kama ni Yohana au ni Mariamu. Mshaufu ni vivyo hivyo: laweza kuwa jina la mwanamume bila kubadili hata herufi moja. Ni desturi yetu sisi iliyolipeleka upande mmoja.

Jambo la mavazi lataka kukumbukwa pia. Zamani za utumwa, katika Unguja, wanawake watumwa walivaa nguo duni, kaniki au merikani, na kufunika kichwa kwa heshima kulikuwa kwa waungwana. Utumwa ulipofutwa kwa sheria, Unguja mwaka wa 1897, na Tanganyika mwaka wa 1922, hakuna aliyebaki na haki ya kumchagulia mwanamke huru nguo yake. Kwa waliotoka utumwani, kanga za rangi zilikuwa kama hati: mimi si wa mtu. Bila shaka wako waliowatazama wakasema wanajionyesha. Ni kweli, walijionyesha, nao walikuwa na sababu. Mitume wametuonya juu ya kujipamba kwa nje, nasi twalikubali onyo. Lakini sikuona mahali walipotuagiza kukadiria moyo wa binti kwa jinsi alivyofunga kanga.

Someni pia Matayo, mlango wa 21, habari za mtu mwenye wana wawili. Aliwaambia waende shambani. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Wa pili alisema kwa adabu nyingi kwamba anakwenda, wala hakwenda. Huyo wa pili ndiye aliyemshaua baba yake, naye ni mwanamume. Na papo hapo Bwana wetu aliwaambia wakuu wa makuhani na wazee kwamba watoza ushuru na makahaba wanawatangulia kuingia katika ufalme wa Mungu. Hali kadhalika Rahabu wa Yeriko: aliwaficha wapelelezi, na ahadi aliyowapa aliitimiza. Waraka wa Yakobo na ule kwa Waebrania humtaja bado kwa jina la kazi yake ya zamani, lakini Matayo, anapohesabu wazazi wa Bwana wetu, aliandika Rahabu tu, mama yake Boazi.

Hatusemi kwamba hakuna wanawake washaufu. Wako, na binti anayepokea zawadi za vijana watatu, akimtumainisha kila mmoja, afanya vibaya, na mama yake amwonye. Lakini kucheka sokoni si kumwahidi mtu kitu. Muuza ndizi asiyecheka hurudi na ndizi zake.

Basi, mama, jibu letu ni hili. Binti yako hakumtumainisha mtu akamnyima. Alikubali posa, akangoja. Mwambie ajifunge kanga zake aje kanisani Jumapili. Kama kuna kitu cha posa kilichopokewa, kirudisheni mbele ya wazee wa pande mbili, ili asipatikane wa kusema. Na yule shangazi akija tena, mkaribishe kitini kwa adabu zote, umwombe ahesabu, tangu mtoto wao alipoleta posa, ni mavuno mangapi yamepita.