Namba ya nyumbani iwe na jina moja

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Sharpstown, mtaa wa kusini magharibi mwa Houston nchini Marekani, orodha ya majina kwenye simu ndiyo njia ya kufika nyumbani.

Siku hizi simu na kompyuta hupashana majina hayo kupitia intaneti. Lakini dada aliyeandikwa "Mama Asha" kwenye simu na "Zuhura" kwenye kompyuta, kwa mashine ni watu wawili. Kila jina hubaki na namba yake, hata ile aliyoiacha zamani.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, namba ya simu imekuwa kama akaunti ya benki. Laini isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mteja mwingine, na fedha za matibabu zikamfikia asiyehusika.

Kinga yake si ngumu. Weka nakala ya orodha nzima, kisha chagua akaunti moja iwe daftari kuu. Unganisha majina yanayojirudia na ufute namba zilizoachwa. Andika yote mawili pamoja: "Zuhura, Mama Asha". Namba nazo zianze na +254 kwa Kenya, +255 kwa Tanzania au +243 kwa Kongo, kwani ile sifuri ya mwanzo haivuki bahari.

Usiku wa Houston ni asubuhi ya Mombasa. Anayeamshwa na habari za ugonjwa hana muda wa kubahatisha Mama Asha ni yupi.